Kidoti Chekundu

Mwenzangu, nimechoka hata kulia siwezi. Nilikuwa napiga pasi sare ya kazi ya mama kama kila asubuhi, simu ikaita. Waamuzi wa ile tuzo ya sanaa ya kidijitali! Kwa video! Usaili ulikuwa kesho, wameuleta leo.

Wakaniuliza kazi yangu inasema nini. Unaijua: vidoti mia kwenye skrini vimepanga foleni, kila kimoja kinaitwa namba yake kinaondoka, kasoro chekundu.

Nikajibu, "Inachunguza mifumo."

Mifumo gani?

"Mifumo... kwa ujumla."

Kwa ujumla, jamani! Mmoja akapiga miayo. Miaka miwili ya kazi, naiona inakwenda na maji.

Mara mama akaingia kufuata sare yake, akadhani naongea na shangazi. "Wifi, amekuonyesha? Hicho chekundu ni mimi, siku ile kliniki. Nilikaa mpaka wakafunga, sijaitwa!"

Nikatamani kujificha chini ya meza ya pasi.

Yule wa miayo akavua miwani. "Binti, ni kweli?"

Nikajibu: "Ndiyo. Nilitaka mtu amwite mama yangu."