Kavutha Wawili

Machakos mjini, Jumatatu

Kaka Wathome,

Natumaini mvua imefika Ekalakala na mbaazi zimeshika. Naandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza kuyasema haya.

Majibu ya vipimo vya watoto wetu yalifika Ijumaa kwenye meza yangu hapa maabara. Damu na maji ya goti ya mmoja yana viashiria vya ugonjwa unaokula viungo, kwa hiyo Alhamisi ataanza dawa. Mwingine atangoja miezi sita apimwe tena, ingawa naye goti limevimba. Niliposoma "Kavutha Ndolo" nilimpigia mke wangu simu, tukashangilia kwamba wetu ataanza dawa Alhamisi. Kisha nikaangalia namba ya kadi. Ilikuwa ya binti yako.

Niliona wivu, kaka. Wangu alipozaliwa mama aliniambia, "Wewe mpe jina lingine, Kavutha tuko naye tayari." Nilikataa, akapewa jina la mama kama wako. Sasa hata dawa imekufikia wewe kwanza. Nikafuta namba ya binti yako, nikaandika ya wangu. Karatasi ilikaa hivyo hadi saa nane mchana, nilipokumbuka kwamba goti linaloharibika ni la mtoto wako.

Nimeirudisha namba. Alama za kufuta zinaonekana, na leo nitamweleza mkuu wangu kabla hajaniuliza. Mlete Alhamisi, saa mbili asubuhi. Usichelewe.

Wangu alisikia ile simu niliyompigia mama yake. Ametoa viatu vyake vya kanisani, na kila asubuhi anauliza Alhamisi ni lini.

Mdogo wako,
Makau