Kimea cha Marehemu Mama

Changamwe, 3 Agosti 1987

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo si wangu tena, ni wa magunia ya saruji ya kule ghalani.

Najua umeokoka na busaa, pombe yetu ya kienyeji, hutaki hata kuisikia hapo Bombolulu. Lakini Jumamosi mama anatimiza mwaka, na siku ya mazishi niliapa mbele ya wazee wa nyumbani kwamba watakunywa ile ile yake, kwa mkono wangu. Kibali cha chifu ninacho. Ufundi ninao, usicheke. Shida ni ndogo tu: haikolei. Nimetia kimea cha wimbi mara mbili ya chake, nimemimina maji yanayotokota ili utamu utoke wote, nimekoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani yangu Musyoka akaonja akasema, "Kefa, haya ni maji ya kuoshea sufuria."

Wewe ndiye uliyekuwa ukipika naye. Nisaidie, mrembo wa Yesu.

Mwanao Kefa
(niliishia darasa la sita, lakini kichwa ni cha chuo)

Bombolulu, 4 Agosti

Kefa,

Marahaba. Miguu imevimba, cherehani haina huruma. Kaviha aliyeleta barua yako amesimama mlangoni angoja jibu, basi nakuandikia upesi, kutubu baadaye.

Umekiua kimea, wewe fundi. Kile kina uhai. Ukishakiunguza, hata utie gunia zima hakigeuzi unga kuwa utamu. Pika uji wa unga, kisha uache upoe kwanza. Chovya kidole, ukiweza kuhesabu mpaka tatu kabla hujakitoa, ndipo utie kimea. Funika kwa magunia, uache. Usichungulie, joto litakimbia. Mama yako alikuwa akikikalia kile kifuniko, kwa sababu yako wewe.

Jumamosi usiningoje. Nimechoka, mwanangu, na nyumba yenye pombe siingii.

Mama yako mdogo

Changamwe, 6 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimetoka zamu alfajiri, macho mazito. Nikahesabu tatu, nikatia kimea, kipimo chake mama bila kuzidisha, nikafunika. Kuchungulia nilikusudia, wallahi. Nikakaa chini kidogo tu, usingizi ukanibeba mpaka adhuhuri. Sasa sema uchovu hauna faida!

Nimefunua: tamu, midomo inanata. Chupa aliyobeba Kaviha ndiyo hiyo. Haijachachuka, ni uji tu, hata mtoto anywe. Onja leo hii. Kesho itakuwa dhambi. Halafu niambie kweli, utani kando: ni yake? Kama siyo, nitasimama mbele ya wazee niseme niliapa uongo.

Kefa

Bombolulu, 6 Agosti, alasiri

Kefa mwanangu,

Marahaba. Nilionja kijiko kimoja. Kisha nikaimaliza chupa nzima nimesimama hapo hapo mlangoni, Kaviha akinitazama.

Ni yake.

Jumamosi niwekee kiti nje, chini ya dirisha. Ndani siingii.

Mama yako