Kitunga Yenye Haina Kitu

Baba Kambale,

Salamu toka kwa dada yangu mukubwa, yaya Masika, hapa Bulengera. Mvua inanyesha kila mangaribi, na avoka ni nyingi, ninakula mpaka aibu.

Unakumbuka, mbele banipasue moyo kule Kampala juu ya ile valve yenye iliharibika, kine, munganga wa mazoezi, alinilazimisha kutembea kila siku ili nipate nguvu. Mais unajua Butembo: ukipanda mulima mikono mitupu, kila mutu anakuuliza, "Mama, unaenda wapi?" Na mimi pumuzi ya kujibu sikukuwa nayo. Bamoja balianza kusema niko na kiburi. Donc nilikuwa nabeba kitunga ya yaya ku mugongo, kamba ku kichwa, ndani hata muhogo moja hakuna. Bakasema huyu anaenda soko, bakaniachilia.

Sasa, kisha operasyo, kine amesema kitunga hapana, kifua haijapona muzuri. Jana nilipanda bila kitu. Mama mwenye kuuzisha avoka pale chini akapiga kelele: "Mama ya kitunga! Leo kitunga iko wapi? Unaenda wapi?"

Nikamuambia haikukuwaka na kitu ndani. Nikamuelezea moyo, valve, Kampala, yote. Alicheka, akaachia mwenzake avoka, akanifuata akiuliza. Nilianza habari chini ya mulima, nikaimaliza tukiwa kule juu.

Ukikumbatia batoto, ubaambie: ule mama wa avoka ndiye alikuwa anahema, hapana mama yabo.

Kavira wako