Kitambulisho Kimo Ndani ya Kiatu cha Kushoto

Mshauri wangu mpendwa wa ukurasa wa nane, naomba msaada wako na naomba uniruhusu niruke foleni, kwa sababu Ijumaa ya wiki ijayo saa nne asubuhi nakabidhiwa ufunguo wa chumba, ndiyo, ufunguo, mimi, na kwa furaha na woga kalamu imenidondoka mara mbili nikiandika barua hii. Mimi ni fundi viatu, nina miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka sita nimelala kwenye baraza la duka la samani linalouza vitanda, yaani mgongo wangu na godoro vimetenganishwa na kioo tu. Nilikuwa natandika magazeti, na gazeti lenu ndilo zuri kwa kutandika maana ni pana, kwa hiyo usishangae nikikwambia nimeulalia ushauri wako miaka yote hiyo na leo ndiyo kwanza nauomba rasmi.

Zamani askari walikuwa wanakuja alfajiri, na kulikuwa na Sajini mmoja, mama mwenye sauti kali kama kengele ya shule, anagonga geti la duka kwa rungu, "Amkeni, amkeni, hapa si kwenu!" nasi tunatoka mbio, na mara tisa sikuwahi kutoka mbio vya kutosha, nikakamatwa kwa kuzurura. Sasa mwaka huu mambo yamegeuka, kituo chao kimefungua dawati la makazi, na Sajini yule yule ndiye aliyepewa kazi ya kuzunguka na afisa makazi wa manispaa kuandikisha watu wanaolala nje, si kwa ajili ya kuwaweka ndani ya mahabusu bali ndani ya vyumba. Siku ya kwanza tulidhani ni mtego, tukatimua mbio, mimi nikatimua na kiatu kimoja. Siku mbili baadaye akaja mchana kweupe kwenye kona ninaposhonea, kiatu changu cha kushoto mkononi, akasema mbele ya wateja, "Jamani, fundi viatu mzima anakimbia na kiatu kimoja! Hamwoni aibu kumletea viatu vyenu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanikabidhi kiatu akasema, "Kizito hiki, Fundi. Kitunze." Halafu akaniuliza taratibu nalala nje tangu lini, na mshauri, katika wote walionifukuza mahali hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tangu lini.

Basi tangu siku hiyo ni miezi mitatu ya njoo hapa, nenda pale, jaza fomu hii, na bibi mmoja mwenye nyumba alipoanza kusita kunipangisha Sajini akamwambia, na mimi nimesimama pale pale, "Mama, huyu namfahamu miaka sita, nimemkimbiza mimi mwenyewe kwa miguu yangu, na sijawahi kumkuta hata na kamba ya kiatu ya mtu." Bibi akakubali! Kodi ya miezi ya mwanzo manispaa itachangia na baadaye nitajilipia kwa kazi yangu. Chumba kina mlango wa kijani na komeo la ndani, mshauri, la ndani, kwamba ninayeamua nani aingie ni mimi, kina dirisha, kina soketi karibu na kitanda, bomba liko uani, na nimeshapita pale mara nne nikijidai natafuta viatu vya kushona kumbe nakitazama kitasa.

Sasa shida. Jina lililoko kwenye fomu zote si langu, ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu. Barabara ilipopanuliwa na kibanda changu kikavunjwa, nilihamia kwao, na wiki ya tatu tukiwa mezani akasema nyumba yake si stoo ya viatu vibovu, nikaacha chakula, nikatoka na kisanduku changu cha kazi na sikurudi. Nilipokamatwa mara ya kwanza nikaulizwa jina, na hasira bado ziko kooni, mdomo ukamtaja yeye, majina yake yote matatu, na tangu hapo kila nikikamatwa ni lilo hilo kwa sababu Sajini alishalizoea. Dawati lilipoanza nikashindwa kulibadilisha. Nikasema kitambulisho kimepotea, nikaandikiwa ripoti ya kupotelewa, lakini ukweli ni kwamba kitambulisho changu halisi nimekishonea ndani ya soli ya kiatu changu cha kushoto, mtaani vitu vinaibiwa, na pia sikutaka askari wakione. Kila tukikutana Sajini ananiuliza, "Fundi, kitambulisho hakijaonekana tu?" nami nasema bado, Afande, naye anasema, "Endelea kutafuta, huenda kiko karibu."

Na sasa afisa makazi amesema Alhamisi ijayo majina yetu yote yanapelekwa kukaguliwa kama kuna mwenye nyumba tayari, na shemeji ana nyumba, tena ya vyumba vinne! Wiki iliyopita dada yangu, ambaye mpaka leo anajua nimepanga na rafiki, aliniletea viatu akanieleza shemeji amekosa ile kazi ya kuendesha basi la shule kwa mara ya pili, eti polisi wanamnyima cheti cha tabia njema na haambiwi kosa lake ni nini, nikampa pole, ila hayo ni ya kwao, turudi kwangu. Kitu pekee kinachonipa moyo ni kwamba kwenye daftari la Sajini niliona wenzangu wote wameandikwa kwa kalamu ya wino, mimi peke yangu kwa penseli, labda wino ulimwishia. Je, nikae kimya nisaini Ijumaa nikiomba Mungu wasikague vizuri, au niseme na kile chumba kipewe mtu mwingine? Nisaidie, maana nimekwishaanza kuota nafunga komeo.

Ni mimi niliyebakiza hatua moja kuingia ndani,
Fundi wa Barazani

*

Fundi,

Hongera! Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, na tulipofika kwenye komeo la ndani mpiga chapa wetu aliacha chai yake akaja kusikiliza. Na nashukuru kwa kunitandika miaka sita. Wapo walionisoma muda mrefu zaidi bila hata kunikalia.

Sasa tulia nikuseme kidogo. Umeandika kurasa tatu kuhusu kitasa, na jambo zito kuliko yote ukalipitisha kwa sentensi moja halafu ukaniambia turudi kwako. Hatuendi popote. Cheti cha tabia njema anatoa nani? Polisi. Wanatazama wapi kwanza? Kwenye madaftari yao. Na humo ni nani aliyekamatwa mara tisa kwa kuzurura? Ni dereva mmoja mwenye mke, nyumba ya vyumba vinne na kitanda chake, ambaye hajawahi kulala nje hata usiku mmoja na mpaka sasa anajiuliza amemkosea nani. Na wewe ukampa dada yako pole! Fundi, pole hiyo ilinipandisha presha.

Simtetei shemeji yako. Kumwambia mtu aliyepoteza kibanda chake kwamba nyumba si stoo ya viatu vibovu, tena mbele ya sahani, ni ukatili, na ningekuwepo ningemwambia. Najua lilikuuma na bado linauma. Lakini yeye alikunyima chumba mara moja, wewe umemnyima mkate mara mbili, na dada yako anakula sahani hiyo hiyo. Inatosha.

Unaniuliza ukae kimya? Kimya chako hakina hata faida. Jina hilo likikaguliwa kesho litaonekana lina nyumba, na utaondolewa kwenye orodha kwa kosa la kumiliki vyumba vinne ambamo ulifukuzwa. Na tuseme wasilione. Ijumaa utasaini, na chumba chenye mlango wa kijani kitakuwa cha shemeji yako. Siku mkikorofishana tena, atakutoa kwa mara ya pili, na safari hii akiwa na karatasi. Ndicho unachokiota hicho?

Sitakudanganya ili ulale vizuri. Kumpa askari jina la uongo ni kosa. Unaweza kuandikishwa maelezo, unaweza kusemwa mpaka masikio yapate moto, na ufunguo unaweza kuchelewa. Ila mtu anayekwenda mwenyewe kusema nilikosea hatendewi sawa na aliyefichuliwa na karani, na hilo wewe uliyekimbizwa miaka sita unalijua kuliko mimi.

Leo ni Jumatano. Nimekurusha foleni kweli, barua za wapenzi walionuniana zimesubiri. Kwa hiyo ukiisoma hii, funga kisanduku chako, nenda kituoni leo hii, mwulizie Sajini, na usizungumze na mtu mwingine kabla yake. Mwambie yote, na la kwanza liwe la shemeji, kabla ya chumba. Mwombe akueleze namna ya kuyafuta yale makosa tisa kwenye jina la mwenzako na kuyaweka kwenye lako, kwa maandishi, yenye mhuri. Karatasi hiyo uipeleke mwenyewe kwa dada yako, jioni ukijua wote wapo. Usimtume mtu. Shemeji atafoka, na ana haki ya kufoka, wewe msikilize mpaka amalize, halafu mwombe radhi bila kumkumbusha maneno ya mezani. Hayo ya mezani atayakumbuka mwenyewe. Dada yako naye aambiwe ulikuwa unalala wapi. Ana haki ya kulijua hilo.

Limebaki la Sajini, na hapa nimecheka peke yangu. Wewe ni fundi mzuri wa viatu, lakini kusoma watu, bado. Askari alikaa na kiatu chako siku mbili, akakurudishia akisema ni kizito, ukitunze. Tangu siku hiyo, katika barua yako nzima, hajakuita kwa jina la shemeji hata mara moja, anakuita Fundi. Anakuuliza kitambulisho kila mkikutana na kukwambia huenda kiko karibu. Wino ukamwishia kwako tu, kisha ukarudi kwa watu wengine wote! Sikuapii, simfahamu mama huyo, huenda nakosea. Lakini naona ni mtu aliyechoka kukukimbiza na sasa amesimama anakusubiri ufike.

Basi fika. Kaa kwenye benchi lake, vua kiatu cha kushoto, toa kisu chako na uifumue ile soli mbele ya macho yake. Weka kitambulisho mezani. Halafu mwombe aandike kwa wino.