Nilivyorudi kwa Kiti cha Nyuma

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko ng'ambo, wewe na miguu yako yote miwili, ule mzima na ule mbishi. Vipi baridi? Natumaini goti halikusumbui kama mwaka jana. Sisi huku tu wazima, tunakula tunashiba, na mimi nazidi kunenepa mpaka fundi cherehani anasema suruali zangu hazina tena pa kuachia. Ukiona barua ndefu kutoka kwa mtu aliyeacha shule kabla shule haijamwacha, ujue kuna jambo. Lipo. Soma taratibu, usirukie mwisho.

Najua jirani yetu fundi viatu, yule asiyepata usingizi bila kusambaza habari ya mtu, atakupigia simu kama hajapiga. Atakwambia kwamba Jumapili jioni aliniona nimelala kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe, kofia usoni, na kwamba mdogo wako alilewa chakari mbele ya wakwe. Nusu ya maneno hayo ni kweli, lakini si nusu anayoidhani yeye.

Ulinituma nikae mahali pako siku ya kufahamiana na wakwe, ukanipa agizo moja tu: mwanao Kidoti arudi salama. Agizo nililiweka moyoni. Shamba lao la mizabibu liko juu kilimani, na barabara yake ni kona tupu, huku ukuta wa mawe, huku bonde. Kupanda nilipanda kwa vidole viwili. Wanijua. Mtu aliyelivuta basi zima kutoka mtoni kwa gari la winchi, abiria wamo ndani na hakuna hata mmoja aliyeamka, ataogopa kona?

Kosa langu nililifanya mlangoni. Baba mkwe, yaani baba wa kijana anayemposa Kidoti, ndiye anayetengeneza mvinyo mwenyewe, mtu mpole mwenye vidole vilivyokolea rangi ya zabibu. Alipouliza kama tunapenda mvinyo, Kidoti alijibu kwa adabu kwamba ana zamu ya alfajiri hospitalini, akaomba juisi. Mimi nikasema kwamba ulimi wangu unajulikana, kwamba mvinyo naujua kwa harufu tu, pipa likiwa limefungwa. Mdomo huo. Baba mkwe alifurahi mno, akatuteremsha ghalani ambako mapipa yamelala safu kwa safu kama wagonjwa wodini, akanikalisha mezani kama jaji.

Pembeni ya kiti changu palikuwa na kindoo cha bati kinachong'aa. Nikasema moyoni, hawa ni watu waungwana, wamewawekea wageni mahali pa kofia. Nikavua kofia yangu nikaiweka humo.

Akamimina ya kwanza. Tukazungusha glasi, tukanusa, tukaonja. Sasa, dada, mimi nilikuwa nimeapa tone lisipite kooni, maana kona za kupandia ndizo hizo hizo za kushukia. Lakini kutema mbele ya wakwe? Mama angefufuka anichape. Basi nikauweka mvinyo shavuni, nikaonyesha kwa mkono kwamba naenda kuangalia breki ya gari, nikatoka, nikayanywesha maua yao. Nikarudi nikausifu. Ya pili nikaenda kuangalia tairi. Ya tatu, injini. Baba mkwe akamwinamia Kidoti, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mjomba ana shida ya tumbo. Kijana akatumwa anionyeshe choo kilipo. Ningekana vipi na mdomo umejaa? Nikaitikia kwa kichwa, nikamfuata.

Ajabu ni kwamba kila nikirudi, namkuta baba mkwe mwekundu zaidi na mcheshi zaidi. Mara anabembeleza pipa, mara anaimba. Nikasema kumbe mtengenezaji mwenyewe hana kichwa cha mvinyo. Hapo bibi yake kijana, mama wa baba mkwe, kikongwe aliyekuwa kimya muda wote akimenya karanga, akainuka. Akaichukua kofia yangu kindooni, akaivaa yeye.

"Mwanangu anafanya kazi hii tangu hana ndevu," akasema, "na sijapata kumwona amelewa kazini ila leo. Hana pa kutemea kwa sababu ya kofia ya mgeni."

Kisha akaonja, akakitemea kindoo mkwaju mmoja ulionyooka kama uzi, akanigeukia. "Haya mkwe, tema. Au unangoja kindoo cha dhahabu?"

Kumbe, dada yangu, kutema ndiyo kazi yenyewe. Wajuzi wa mvinyo wote hutema, ndiyo maana wanaonja kutwa nzima na kichwa kinabaki mahali pake. Baba mkwe aliona aibu kuniambia, akawa anameza kwa heshima ya kofia yangu. Tulicheka mpaka Kidoti akashika mbavu. Na nilipopewa ruhusa, sijui kama ghala lile limewahi kuona mtemaji kama mimi. Nilisogeza kiti nyuma, nikasogeza tena, sikukosa. Bibi akashindana nami, tukatoka sare, ingawa yeye alikuwa amekaa karibu.

Wakataka kujua kwa nini nilihangaika vile. Nikawasimulia habari za marehemu shemeji, arusi ile, glasi zake mbili, mtaro, na mguu wako. Baba mkwe akanishika mkono, hakuuachia.

Tukakubaliana mambo yote, na tarehe tukapanga. Ndipo Bibi akamimina mvinyo wa pipa lililofungwa mwaka aliozaliwa kijana, akasema huu hautemwi, huu ni wa makubaliano. Ningeweza kulowesha midomo tu. Sikudanganyi. Nilimwona Kidoti anacheka kwa meno yote, nikanywa glasi nzima. Bibi akaongeza, nikanywa na hiyo.

Nilijisikia mzima kuliko nilivyofika. Nikaanza kuwasimulia lile basi, nikashtukia basi limekuwa treni. Nikasimama, funguo mkononi. Baba mkwe akauliza kama naweza kuendesha.

"Niko sawa kabisa," nikasema.

Dada, maneno hayo nayafahamu. Miaka yote ya winchi, kila dereva niliyemtoa mtaroni akiwa bado anaweza kusema, ameniambia hayo hayo. Hakuna aliyewahi kuniambia alilewa. Mlevi anayeyumba hanisumbui, huyo hata tundu la ufunguo halioni. Ninayemwogopa ni yule aliye sawa kabisa. Na wewe mwenyewe, pale kitandani hospitalini, uliniambia ndiyo maneno ya mwisho ya shemeji.

Wakatusihi tulale. Kidoti ana zamu. Baba mkwe haendeshi, ana kofia yangu tumboni. Kijana naye amemeza makubaliano. Wote tumemeza isipokuwa mmoja.

Nikampa Kidoti funguo.

Sasa kaa kitako. Najua ulisema mwanao hatashika usukani ungali hai, na sababu yake naijua, nilikuwepo. Lakini ni mwaka sasa namfundisha. Uwanjani pale gereji, tena kwa gari la winchi lenyewe, maana anayeliweza lile mengine yote ni baiskeli. Leseni anayo. Alifaulu mara ya kwanza. Mimi nilirudia, ila yule mtahini alikuwa na chuki. Yeye alitaka kukwambia tangu mwanzo, mimi ndiye niliyemzuia. Ukikasirika, hasira ziishie kwangu.

Alivua viatu, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo. Mimi nikakaa nyuma, maana mbele mkono wangu ungeifuata breki. Kwenye kona iliyobana kuliko zote likapanda lori la makreti. Mwanao hakupiga honi wala hakuniangalia. Alirudi kinyumenyume taratibu mpaka penye upana, akalipisha, na dereva wa lori akampa mkono wa heshima. Mimi nilikuwa nimeing'ata kofia, ambayo Bibi alinirudishia tulipoagana. Inanuka mvinyo mpaka leo. Nikagundua pia kwamba kiti changu cha nyuma kina springi inayochoma, na abiria waliokuwa wakiilalamikia, niliowaita mayai miaka yote, walikuwa wakweli. Ukitaka kuikwepa sharti ulale. Ndivyo jirani alivyonikuta.

Nimejisifia magari mengi niliyoyavuta, mengine hata sikuyavuta. Hili ndilo la kwanza najisifia kwa kuwa halikuhitaji kuvutwa. Agizo lako limefika nyumbani, ila si mimi niliyelifikisha.

Wakwe wanakusalimu. Bibi anasema kofia niende nayo arusini, anaidai. Wametupa chupa ya lile pipa. Nimeifungia kabatini mpaka uje, na siku hiyo mimi na wewe tutameza, maana wa kutuendesha tunaye. Atakayekupokea kituoni ni yeye. Kaa mbele, dada. Nyuma kuna springi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Winchi