Antena Juu ya Kichuguu

Kasapa, Lubumbashi, Jumamosi, siku ya posho

Kwako yaya wangu, kaka yangu mukubwa Zéphirin,

Yambo mingi, weye na bibi yako na batoto bote kule Sakania. Homa ya mutoto ilimalizika? Siye huku tuko bazima. Mama anakula muzuri, ila tu muguu njo ingali inamukatalia kutembea mbali. Nikishakusalimia, acha nikwambie mambo ya huku, juu niko na kasirani mingi na haitaki kutulia.

Unajua drone yangu, ile kandege ya kupiga picha unasemaka ni kitu ya batoto. Mama aliniomba jambo moja tu: aone tena pahali tuliikalaka zamani, mbele ya société ya mine kufukuza bantu na kufunga fasi yote na senyenge. Nilienda kuomba balinzi kwa heshima bamuache mama muzee aingie kidogo tu, aangalie, atoke. Balinicheka. Moja akasema huku si tena kwetu. Unasikia, yaya? Si tena kwetu, pahali Mama alituzalia bote! Nikamujibu sawa, muguu ya Mama haitaingia, lakini macho yake itaingia.

Haya, sasa drone nayo ikanitesa. Kila mara ikikaribia senyenge, picha inasimama ku telefone, signal inakatika, drone inageuka yenyewe na kurudia. Doudou, rafiki yangu mwenye kuuzisha matelefone, aliapa kama telekomande inakosa nguvu. Akanifungia kamashini ya kuongeza nguvu, ikaharibu zaidi! Nilimurudishia na matusi kidogo. Kisha nikaona ujinga yangu mwenyewe, na miye ni mwalimu wa fizike, haya gani hii! Nilikuwa ninasonta drone na ncha ya antena, sawa vile muntu anasonta mwizi na kidole. Na nguvu ya antena haitoki ku ncha, inatokaka ku mbavu. Nikaigeuza, ubavu iangalie drone. Nikahama tena ku kanali ingine, mbali na wifi ya banafunzi yenye kujaa huku Kasapa. Ikasaidia, lakini miti ilikuwa ingali inakata signal. Ilibakia kupanda juu.

Kuko kichuguu kubwa inje ya senyenge, inapita nyumba urefu. Bantu ya kufyatua matofali balishafika na bapelu ya kuchimbia, banataka kuikata bapate udongo yake. Niligombana nabo mpaka sauti ikanikauka. Ah non, kila kitu mu hii muji ni ya kuchimba tu? Lakini baliposikia kama ni kwa ajili ya Mama, balituliza roho. Jana bao wenyewe bakamubeba Mama ku kiti ya plastiki mpaka kule juu, bakachekacheka naye njiani.

Yaya, picha haikukatika hata kidogo. Drone ikapita juu ya balinzi na senyenge yabo, miye nikafurahi sawa mutoto. Tukaona kisima. Tukaona nyumba yetu, imebakia musingi tu. Mama akaniambia njo pale jikoni weye ulijichoma mukono. Kisha akaniomba nisogee mbele kidogo ku makaburi, aone fasi yenye Baba alilalaka mbele ya société kuhamisha mifupa yake.

Baba iko pale.

Musalaba yake ya chuma ingali imesimama, jina inasomeka. Makaburi yote iko pale, manyasi imeota juu, udongo haikuguswa na muntu. Na siku société ilisema inahamisha mifupa, famille ilichagua nani aende kusimama pale? Weye, mutoto wa kwanza. Ulirudi ukasimama mbele yetu bote, ukasema uliona na macho yako Baba akitoka mu udongo, ukamusindikiza mpaka ku kaburi mupya ya ciment. Tukalia pale. Tunafagia pale. Na unajua muzuri kama Mama aliomba akikufa tumuzike pale pembeni ya Baba! Uliona nini, Zéphirin? Muchana peupe, uso mukavu, ukadanganya mama yako! Sitaki kujua société ilikupatia nini. Haya ya weye inanikamata miye.

Mama hakulia. Aliniambia nirudishe drone, bale bantu bakamushusha. Njiani, nyuma yangu ku pikipiki, aliniuliza jambo moja tu: kama Baba iko kule, basi yeye alikuwa analilia nani hii miaka yote. Ningekupigia telefone, lakini najua ungeikata.

Nisalimie bibi yako, yeye hana kosa. Batoto ubakumbatie. Mama naye anakusalimia. Anasema ukuje weye mwenyewe, umwambie mu macho jina ya ule muntu mwenye kulala mu kaburi ya ciment.

Ni miye, mudogo yako, ata leo ningali mudogo yako,

Madeleine Mwenya