Chumvi Chini ya Samli

Marahaba, Deo, shikamoo yako imenifikia hapa Mabira. Mnyauko umemaliza migomba yetu, na shangazi yako bado amelazwa.

Unauliza ufanyeje lori lako lisioze, huko wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Miaka ya hamsini, nilipoolewa, babu yako alikuwa akibeba magunia ya chumvi kwa lori. Kila asubuhi aliipaka chasisi samli, kama tulivyopaka ngozi za ng'ombe, ikang'aa. Hakuiosha kwanza. Chumvi ilibaki chini ya samli ikila chuma. Chasisi ilikatika kwenye mteremko wa Isingiro, nami nikabaki mjane, baba yako akiwa bado tumboni.

Basi osha, kausha, ndipo upake grisi. Mlango wa lori lile ninao. Nauosha, naukausha, naupaka, na kila masika kutu inarudi.

Bibi yako